Nataka ubingwa wa patholojia lkn nyumbani wanasema ni udaktari wa maiti, wanaojua nishaurini

binti_wa_wete

Assalaam alaykum wenzangu. Mie ni daktari, nimemaliza MD, yaani shahada ya udaktari, pale SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa Zanzibar, na sasa niko mwishoni mwa intanshipu hapa Unguja, kwetu Wete. Nimeanza kufikiria ubingwa na moyo wangu wote uko patholojia, tokea mwaka wa tatu mwalimu alipotuwekea slaidi, yaani kioo chenye kipande chembamba cha mwili cha kutazama kwa hadubini, ya shingo ya kizazi, upande mmoja mzima na upande wa pili umeshaharibika na ule mpaka baina yao unauona kwa macho yako mwenyewe, basi toka siku hiyo mgonjwa yeyote wodini mie jambo la mwanzo nataka kujua majibu ya kinyama, kile kipande alichotolewa kikapimwe, yamesemaje.

Shida iko nyumbani. Baba kasikia neno patholojia akenda kuulizia, akaambiwa ni daktari wa kupasua maiti. Na yeye ndie aliyeuza karafuu msimu baada ya msimu mie nisome, ananambia mwanangu nimekusomesha utibu watu, sasa unataka ukakae mochwari? Mama anataka niwe daktari wa kina mama maana Pemba wanawake wanataka kuangaliwa na mwanamke mwenzao, na hili wallahi linaniuma kwa sababu anasema kweli. Shangazi yeye hofu yake ni posa.

Sasa naomba mnambie, hiyo kazi yenyewe ikoje kila siku, kweli ni maiti tu? Nasomea wapi na muda gani, na nikimaliza naweza kweli kurudi Pemba nikafanya kazi ya maana au ntabakia Unguja au Dar maisha? Na kuna mwenzangu kanambia nisijisumbue, kompyuta ndio zitakuwa zinasoma slaidi. Nijibuni kwa ukweli hata kama hautanifurahisha.

fundi_slaidi

Waalaykum salaam dokta. Mie si daktari, ni mtu wa maabara upande wa histolojia, naandaa slaidi ambazo nyinyi mnakuja kuzisoma. Ngoja nikueleze kabla hawajaja wakubwa.

Kinyama kinafika ndani ya chupa ya fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze. Daktari wa patholojia anakitoa, anakiangalia kwa macho, anakigusa kwa kidole, anakipima kwa rula, anasema sauti ya juu mwenzake anaandika, rangi yake, ugumu wake, kimefika mpaka wapi, khalafu anakata vipande vyembamba vinaingia kwenye vikaseti vya plastiki. Usiku mashine inavipitisha kwenye alkoholi kuanzia nyepesi mpaka kali ili maji yote yatoke, halafu zailini ya kutoa ile alkoholi, halafu nta ya moto. Asubuhi tunavigandisha kwenye nta na tunaanza kukata kwa mikrotomu, mashine ya kukatia, unene maikroni 3 au 4 (maikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita), unatoka utepe mwembamba unaulaza juu ya maji ya uvuguvugu unajinyoosha wenyewe ndio unauokota na kioo. Wakati wa joto kali nta inalainika utepe unajikunja, inabidi bloku irudi kwenye barafu uanze tena, na umeme ukikatika usiku mashine iko katikati ya kazi basi hapo hulali. Mwisho rangi, hematoksilini inatia viini vya seli buluu iliyoiva, eosini inatia kilichobaki waridi. Hapo ndio daktari anakaa kwenye hadubini.

Sasa angalia, katika yote hayo sijataja maiti hata mara moja. Kwangu mie vingi vinavyopita mkononi ni vya watu walio hai, wako majumbani mwao wanasubiri simu.

Na nikwambie kinachotuumiza zaidi. Vinyama vingi vinaharibika kabla havijatufikia. Kimewekwa kwenye maji ya chumvi badala ya fomalini, au titi zima limekandamizwa ndani ya chupa ndogo na fomalini kidogo chini, wakati fomalini inatakiwa iwe kiasi mara 10 ya ukubwa wa kinyama na inaingia ndani polepole mno, kiasi cha milimita moja kwa saa, basi nje pameshika ndani pameoza. Fomu nayo imeandikwa neno moja, uvimbe. Uvimbe wa wapi, wa lini, mtu ana miaka mingapi, hakuna. Mie nikipiga simu kusema hivi nani atanisikiliza? Bingwa akipiga simu wanasikiliza. Tunahitaji bingwa atakaepanda boti akawakalishe watu wa tiata, chumba cha upasuaji, hospitali ya Abdulla Mzee na Chake na hapo kwenu Wete awaoneshe. Njoo dokta.

dk_mtoni

Mdogo wangu nimefurahi kukuona, maana wa kwetu wanaouliza kitu hichi ni wa kuhesabu. Mie ni mtoto wa Mtoni, nimesomea MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, na hivi sasa nafanya kazi Dar. Nitajibu kwa nnavyoijua kazi.

Njia yako: usajili kamili kwa Baraza la Madaktari baada ya intanshipu, upate kazi, halafu MMed, yaani shahada ya ubingwa. MUHAS ubingwa wa patholojia ya anatomia ni miaka 3 na ndani yake kuna utafiti wako mwenyewe unaandika na kuutetea. Tofautisha tangu mwanzo, maana watu wanachanganya, hii ya anatomia ndio ya vinyama na seli na uchunguzi wa maiti, halafu kuna hematolojia ambayo ni damu na uboho, kuna maikrobaiolojia, na kuna kemia ya maabara. Wote mtaitwa watu wa patholojia na kazi zenu hazifanani kabisa. Ya mahakama, yaani vifo vya ajali na vya jinai, ni ubobezi mwengine wa baadae kwa anaetaka.

Siku yangu inakwenda hivi. Asubuhi kukata sampuli, alivyokueleza fundi hapo juu, kazi ya kusimama na inachosha mgongo. Kisha slaidi mpaka adhuhuri. Katikati tiata wanaweza kunipigia, mgonjwa yuko mezani tumbo liko wazi, wanataka kujua kingo za uvimbe zimesalimika au bado, basi kile kipande hakiendi kwenye nta, kinagandishwa kwa baridi kinakatwa hapo hapo na mie kiasi cha dakika 20 natakiwa niseme. Mchana vikao na madaktari wa upasuaji na wa saratani, tunapitia kesi, na kwenye vikao vile nikifungua mdomo wote wananyamaza maana tiba inaanzia kwenye sentensi yangu. Daktari makini hamkati mtu titi wala hampigi mionzi kwa kukisia, anataka karatasi iliyosainiwa na mtu wa patholojia. Uzito wa kazi uko hapo. Unakaa na slaidi unaona seli zimejazana, viini vikubwa vyeusi havina mpangilio, na unajua ukishaandika neno lile maisha ya mtu na ya nyumba nzima yamebadilika, na usipoliandika nalo likawepo umemuua. Mie mpaka leo zile ngumu naziacha naziangalia tena asubuhi ya pili, na namuita mwenzangu. Ikiwa wewe ni mtu wa kutaka kumaliza haraka kazi hii haikufai, lkn ulivyoielezea ile slaidi ya shingo ya kizazi naona unalo jicho na unayo hamu.

Sasa nakuja kwa mama yako, maana hoja yake naiheshimu sana. Mwambie hivi: mwanamke mwenye kivimbe cha titi au tezi ya shingo, anaemchoma ile sindano nyembamba kuvuta seli mara nyingi ni daktari wa patholojia mwenyewe, kliniki, mgonjwa kakaa mbele yake, anavuta, anapaka kwenye kioo, anatia rangi, na anaweza akamwambia kitu siku hiyo hiyo. Unadhani mwanamke wa Micheweni angependa nani amguse titi kwa sindano ile? Na vile vipimo vya shingo ya kizazi, saratani ambayo ndio inaongoza kwa wanawake wa Tanzania, seli zinasomwa na nani? Mama anataka uwahudumie wanawake wa Pemba, na hapa utawahudumia.

Na jambo la Pemba khasa. Nikiwa rezidenti, yaani bado nasomea ubingwa, niliwekewa slaidi ya kibofu cha mkojo, mzee kakojoa damu muda mrefu. Kwenye lenzi ndogo ukiitazama unaona ukuta wa kibofu umejaa mayai, mengine yameshageuka chokaa, duara dufu na kimwiba kimoja mwishoni, hapo hapo unajua kichocho, na pembeni yake saratani imeshaanza kuingia kwenye msuli. Wenzangu wa bara wengine walikuwa wanakiona mara ya mwanzo, mie nilikuwa nimeshaona watoto wa kwetu wanakojoa damu na watu wanasema ndio ukubwa huo. Maabara ya Afya ya Jamii pale Wawi imekuwepo tangu mwaka 2000 na imefanya kazi kubwa ya kichocho na minyoo, uwanja wa utafiti upo mlangoni kwenu. Bingwa Mpemba anaeijua hiyo historia kwa kuiishi ana cha kusema ambacho hakiko kwa mwengine.

Kompyuta: usitishike. Marekani mwaka 2021 waliruhusu programu ya kumsaidia daktari kusoma slaidi za tezi dume, neno ni kumsaidia, anaesaini ni mtu. Na kabla programu haijaona chochote fundi slaidi awe ameshakata vizuri. Kwetu faida yake itakuwa nyengine, slaidi ikipigwa picha nzima Chake mie naweza kuitazama nikiwa Dar, yule aliyeko peke yake asiwe peke yake.

mwana_konde

Samahanini mie si mtu wa afya, nimepita tu nimeshindwa kukaa kimya. Mama yangu alitolewa kinyama cha titi hospitali moja siitaji jina, tukaambiwa sampuli itavuka bahari majibu yatakuja. Tukasubiri, tukenda kuuliza tunaambiwa bado, tukenda tena wanasema labda imerudi lkn haionekani, mwisho ikabidi atolewe kinyama chengine, na muda wote huo mama anakishika kile kivimbe kila usiku anasema kimekuwa. Majibu yalipokuja yalikuwa na maneno mengi hatuyaelewi, daktari akatwambia kuna kipimo chengine juu ya kinyama kile kile kinaonesha kama ugonjwa unasikia vidonge vya homoni au hausikii, na Alhamdulillah wake ulikuwa unasikia, yupo mpaka leo anameza vidonge vyake anakwenda shamba.

Kwa hivyo dada mwambie baba yako sisi huyo daktari anaeitwa wa maiti tulimsubiri kama tunavyosubiri mvua ya masika. Angelikuwepo Pemba mama asingechomwa mara mbili. Mpe baba salamu zetu sana, mwambie zinatoka Konde.

kijana_michenzani

Dada mie ntasema ambacho wengine hawasemi, nisamehewe. Kazi nzuri sikatai lkn angalia maisha. Daktari wa kina mama au wa upasuaji jioni ana kliniki binafsi, watu wanamjua kwa jina, wanamfata. Wa patholojia nani anamjua? Mgonjwa hakuoni, hakushukuru. Na ukija Pemba bila mashine ya kuchakata na bila fundi utakuwa bingwa wa kukaa tu, mshahara unaingia lkn elimu inaozea kichwani. Nina jamaa yangu bingwa wa fani nyengine yamemkuta hayo hayo, karudi na cheti vifaa hakuna, kahamia nje. Fikiria vizuri kabla hujaingia, miaka mitatu si kidogo na umri unakwenda.

dk_mtoni

@kijana_michenzani uliyosema juu ya vifaa ni kweli na siwezi kumficha mtu. Bingwa bila maabara hana kazi. Ndio maana mdogo wangu kabla hujaondoka zungumza na Wizara kwa maandishi, waambie nakwenda kusomea hichi, nikirudi nitahitaji mashine ya kuchakata, mikrotomu, hadubini ya watu wawili, na mafundi wawili wakasomeshwe wakati na mie nasoma. Mafundi watu huwasahau. Kwa sasa wewe anza na sindano nyembamba, haitaki mashine kubwa, inataka sindano, vioo, rangi na hadubini, hiyo hata kesho inaweza kufanyika Wete.

Fedha, ni kweli hutakuwa na foleni ya wagonjwa jioni. Lkn maabara binafsi Dar zinatafuta mtu wa kusaini majibu ya vinyama na wa kusaini ni wachache mno nchi nzima, kazi ya ziada ipo kwa anaetaka, na vyuo vinataka walimu, wanafunzi wa MD wote wanapita kwenye patholojia. Njaa huioni.

Kushukuriwa ndio siwezi kukuahidi. Mie nimejifunza kushukuriwa na daktari mwenzangu anaponipigia kusema ulichoandika ndicho nilichokikuta. Hapa Afrika ya Mashariki tuna mfano wake. Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Uganda, mwaka 1958 akaandika juu ya watoto wenye uvimbe wa taya, kila mtu analijua jina lake. Lkn O'Conor, mtu wa patholojia hapo hapo Kampala, ndie aliyekaa kwenye hadubini akaona uvimbe ule wa taya na uvimbe wa matumbo ya watoto wengine ni kitu kimoja, limfoma, yaani saratani ya chembe za limfu. Ikishajulikana ni limfoma maana yake inatibika kwa dawa, na watoto wakaanza kupona. Waliomsikia O'Conor ni wachache na watoto walipona vile vile.

ustadh_jangombe

Niongezee kidogo upande wa dini maana naona ndio uliomshika mzee. Heshima ya maiti kwetu ni kubwa, haifai kuchezewa wala kucheleweshwa kuzikwa bila sababu, hilo baba yako yuko sawa kulishughulikia. Lkn wanavyuoni wengi wa zama zetu wameruhusu uchunguzi pale penye haja ya kweli, mtu kauliwa haki yake inatafutwa, au maradhi yanayoogopewa kwa waliobaki. Na sie Zanzibar tuliokumbwa na ajali ya meli ya Spice Islander Septemba 2011 tunajua maana ya kuwa na mtu wa kututambulia maiti wetu akazikwa kwa jina lake. Ikiwa kazi hiyo ni lazima ifanywe, basi bora ifanywe na anaejua kuosha na kukafini, anaejua familia iko nje ya mlango na sala inasubiriwa. Mwanamke akifariki akachunguzwa na mwanamke, hilo nalo ni sitara. Mwambie mzee aje tuzungumze au nimpigie, sina tabu.

binti_wa_wete

Wallahi sikutegemea haya yote, Mungu awalipe kila mmoja wenu. @mwana_konde nimemsomea mama ulichoandika kwenye simu, akanyamaza kidogo akaniuliza na hiyo sindano wewe ndie utaeichoma? nikamwambia ndio, akasema basi nitazungumza na baba yako mie. Baba bado, lkn ustadh nitakutumia namba yake, naona kwako atasikiliza kuliko kwangu.

@kijana_michenzani sikukasirika, barua ya Wizara nitaiandika kwa sababu ya ulichosema wewe.

Dokta nina suala la mwisho, baina ya sasa na kuomba hiyo nafasi nifanye nini nisikae bure? Na ada, maana karafuu za baba siwezi kuzigusa tena.

dk_mtoni

Ada: ukishaajiriwa omba ruhusa ya masomo yenye mshahara, halafu nenda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ukiwa na barua ya muajiri mkononi, usiende mikono mitupu. Ulizia na Wizara ufadhili wa mabingwa mapema, usingoje tangazo.

Kusubiri: kila mgonjwa unaemtoa kinyama jaza fomu kamili, andika namba yake kwenye daftari lako, na majibu yakija fungua uandike ulidhani nini na yamesema nini. Siku huna zamu nenda kakae na fundi slaidi, usiende kwa daktari kwanza. Akuoneshe kukata. Mtu wa patholojia asiyejua slaidi mbaya imeharibikia wapi atakuja kulaumu kinyama. Khalafu tafuta hadubini uangalie vya kawaida mpaka uvichoke, ngozi nzima, titi zima, kizazi kizima, wengi wanakimbilia saratani na kizima hawakijui.

fundi_slaidi

Jumanne na Alhamisi asubuhi ndio tunakata. Njoo na koti lako na uje mapema kabla jua halijapanda, nta inakatika vizuri. Na ukienda Wete likizo nambie, nina karatasi nimeandika namna ya kuweka kinyama kwenye fomalini, kwa Kiswahili, uwabandikie ukutani tiata.